Mlango wa Pini Tisa

Vijana wa idara ya kompyuta, siku ile mliponikatia keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nadhani mlitaka mawaidha. Mawaidha ninayo machache, na mengi yanahusu mahali pa kuficha bisibisi nzuri ili mafundi wa umeme wasiiazime. Ninachoweza kuwaandikia ni kazi yenyewe, na hasa kazi moja ambayo mpaka leo hunikalia kifuani nikiwa naosha vyombo. Ilihusu waya mmoja na seva moja. Nikimaliza, nihukumuni mtakavyo.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi, na nimekuwa hivyo tangu utotoni Makadara. Mama alikuwa akinituma mimi kuangalia kama mlango umefungwa, maana alijua nitarudi kuangalia mara ya pili bila kutumwa. Hadi sasa nikitoka nyumbani hushuka ngazi, nikapanda tena, nikapapasa kufuli, ndipo niende zangu. Watu hudhani wasiwasi humfanya mtu awe mwangalifu. Mimi umenichosha tu, na mtu aliyechoka huruka hatua.

Niliingia katika ile hospitali ndogo ya kanisa, mitaa michache kutoka Barabara ya Jogoo, nikiwa nimevaa viatu vya kisigino na kukumbatia faili la vyeti. Karani alinipeleka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Bado kilinuka sabuni. Ndani alikuwepo mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa simu, ameinamia meza akichoma kitu kilichotoa moshi. Huyo ndiye Mzee Wafula, aliyekuwa fundi wa simu wa reli kwa miaka mingi kabla ya kupunguzwa kazi na kuja kwetu. Nilimwamkia, nikamnyooshea faili.

"Vyeti weka hapo kwa dirisha," alisema. "Kuna upepo. Vitatusaidia kushika pazia."

Kisha akanipa kipande cha kebo, plagi mbili za pini tisa na chuma cha kulehemu, akaniambia nitengeneze waya wa serial. Ninyi wa siku hizi hamjauona sana. Ni njia ya zamani ya kuzungumza na mashine, herufi moja baada ya nyingine, bila mtandao, bila rangi, bila picha. Mashine ya kupimia damu kule maabara ilitumia njia hiyo kupeleka majibu kwenye seva, ile mashine kuu iliyotunza kumbukumbu za hospitali. Waya wenyewe una siri moja tu, nayo Mzee aliniambia akinipulizia kidole nilichokuwa nimekwisha kukiunguza.

"Huyu akiongea, yule asikie. Sasa wewe umeunganisha mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. Wote wanaongea na hakuna anayesikia, kama kamati ya harusi. Vusha nyaya."

Nilizivusha. Waya wa tatu ndio uliofanya kazi. Zile mbili za kwanza alizining'iniza ukutani kwenye msumari, na kila mgeni aliyeuliza ni ya nini aliambiwa, "Hizo ni za Ndinda," yaani mimi. Nilikaa nazo miaka.

Ndivyo alivyonifundisha kila kitu. Kwamba pande mbili za waya lazima zikubaliane mwendo, yaani kasi ya kutuma herufi, na kwamba ukiona takataka kwenye skrini, alama za maswali na vijinyota, usihangaike na plagi, uliza kwanza mwendo. Kwamba panya hupenda kebo ya kijivu kuliko ya buluu, jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote. Wakati mmoja mtandao wa wodi ya akina mama ulikuwa ukikatika kila siku saa saba mchana. Siku tatu nzima nilipima, nikabadilisha, nikasali. Mzee alipochoka kunitazama alichukua kiti, akakaa pale wodini na gazeti lake. Saa saba kamili nesi mmoja akaja, akachomoa plagi ya kifaa chetu, akachomeka chaja ya simu yake.

Alikuwa na desturi mbili ambazo lazima niwaeleze, kwa sababu zote mbili zinakuja kwenye hii hadithi yangu.

Ya kwanza, hakuingia kwenye seva moja kwa moja kama root, yaani mkuu wa mashine mwenye ruhusa zote. Aliingia kwa jina lake la kawaida, wafula, na nywila yake mwenyewe. Akishakuwa ndani ndipo alipoomba ukuu kwa nywila ya root. "Huwezi kuingia boma la watu umeshavaa kofia ya chifu," alisema. "Ingia kama Wafula, salimia, ndipo uivae." Mimi niliona ni mambo ya reli. Alipokaribia kustaafu nilijitengenezea ufunguo wa kidijitali kwenye kompyuta ya mezani kwangu, nikawa naingia kama root kupitia mtandao bila kuandika chochote. Jina la kawaida sikujipa kabisa. Nywila ya root sikuwa naijua hata kwa kichwa. Ilikuwa ndefu, imeandikwa kwenye karatasi, karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sefu ya Metroni, mkuu wa manesi. Kuifungua kulihitaji saini mbili na maelezo ya maandishi, na Metroni kukutazama juu ya miwani kana kwamba umeomba kuazima figo.

Desturi ya pili ilikuwa daftari. Kila kazi iliandikwa na kutiwa saini, na hakuna kazi iliyokwisha mpaka imepimwa. Na kupima, kwa Mzee Wafula, hakukuwa kuchungulia. "Ukiweka mlango," alikuwa akisema, "ingia mpaka ndani, kaa, toka. Kuona mlango si kuingia."

Miezi miwili kabla hajastaafu, umeme ulipanda ghafla wakati wa mvua na ukaunguza sehemu ya seva inayounganishwa na skrini. Seva yenyewe ilipona. Iliendelea kufanya kazi, ila ilikuwa imepoteza uso: huwezi kuichomekea skrini ukaona kitu. Tulikuwa tukiifikia kupitia mtandao tu. Mzee hakulala vizuri. "Siku mtandao ukikataa, utaingilia wapi?" aliniuliza. Kwa hiyo tukaamua kuiwekea mlango wa nyuma, kupitia plagi yake nyingine ya pini tisa, iliyokuwa haitumiki.

Si kazi kubwa. Unaongeza mstari mmoja kwenye faili la kuwashia, unaoiambia mashine iweke pale kwenye serial neno "login" na kumsubiri mtu. Unapanga mwendo. Unatengeneza waya, unauchomeka, upande wa pili unaweka laptop. Mzee aliniachia kazi hiyo niimalize wiki yake ya mwisho, akaniambia nipime na niandike.

Niliimaliza Ijumaa, siku ambayo yeye alikuwa ameshakwenda nyumbani kwake Mbotela na saa yake ya zawadi. Nilichomeka waya, nikafungua laptop. Skrini ilikuwa nyeusi. Nilibonyeza Enter, na polepole, herufi baada ya herufi, ikaandika: login. Nilipiga makofi peke yangu mle stoo. Kilichobaki kilikuwa kuingia mpaka ndani, na kwa hilo nilihitaji nywila ya root, ya bahasha, ya sefu, ya Metroni. Ilikuwa saa kumi jioni. Metroni siku hiyo alikuwa akitafuta stendi sita za dripu zilizopotea na alikuwa ameshawaliza watu wawili. Nilisema nitaipima Jumatatu. Nikachukua daftari nikaandika, "Imepimwa. Inafanya kazi." Nikatia saini.

Mimi, ninayepapasa kufuli mara mbili! Jumatatu ilikuja na mambo yake, na baada ya hapo nikawa naogopa hata kuufungua ule ukurasa. Uwongo mdogo una tabia hiyo. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyoona aibu kwenda kuurekebisha.

Niliambiwa pia nilifute jina la Mzee kwenye seva, kwa kuwa amestaafu. Hilo nalo sikulifanya. Kila nilipoifikia ile amri ya kufuta nilihisi kama namfukia mtu akiwa hai. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumanne, mara tu baada ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimeona kwenye kumbukumbu za seva kwamba kuna watu wa nje wanaojaribu kuingia, wanagonga, wanagonga, na kwa mtu kama mimi hiyo ni homa kabisa. Nikaamua kukaza kanuni zinazosema nani aruhusiwe kufika kwenye seva kupitia mtandao. Niliandika: zuia wote. Chini yake nikaandika: ruhusu maabara, ruhusu wodi, ruhusu meza yangu. Nilizihifadhi ili zirudi zenyewe kila mashine ikiwashwa. Nikazitekeleza.

Mashine husoma kanuni hizo kutoka juu kwenda chini, na ikikuta inayokuhusu haiendelei kusoma. Ilisoma "zuia wote" ikaridhika.

Nilijua kabla sijajua. Kile kistari kinachopepesa kwenye skrini kilisimama. Nikabonyeza, kimya. Nilijiambia ni mtandao tu umeyumba kidogo, utarudi. Nikahesabu hadi ishirini. Mlango ukafunguliwa na Kioko wa maabara akaingiza kichwa. Kioko alikuwa kijana mzuri wa kazi, asiye na makelele.

"Madam Ndinda, system imelala ama ni huku kwetu tu?"

"Nipe dakika tano," nilisema, kwa sauti ya mtu aliye na dakika tano.

"Tano niko nazo. Lakini kuna mtoi hapo wodi, Akinyi, unamjua? Wa sickle cell. Damu imeshuka mbaya sana, Daktari anataka aongezewe sasa hivi. Nataka kuona file yake kwanza."

Nilimjua Akinyi. Kila mtu hospitalini alimjua. Alikuwa na miaka tisa, mama yake alimleta kutoka Pipeline kila ule ugonjwa wa selimundu ulipomzidi, na alikuwa na tabia ya kuwapa manesi majina ya samaki. Alikuwa ameongezewa damu mara nyingi tangu akiwa mdogo.

"Si unajua kundi lake?" nilimwuliza Kioko.

"Kundi si shida. Mtu akiongezewa damu sana, mwili unajifunza kukataa damu zingine, hata za kundi lake. Yake tuliandika zile inakataa. Nikimpima leo zingine zinaweza kujificha, nione kila kitu ni sawa, kumbe si sawa. Mwili unakumbuka baadaye, baada ya kuweka. File ndiyo inajua."

"Na kadi za zamani?"

Alinitazama kwa upole. "Si tulizitoa, Madam? Ulisema kila kitu kiende kwa kompyuta."

Ni kweli nilisema. Nilikuwa hata nimetengeneza bango.

Nilichukua ule waya na laptop, nikaenda kwenye chumba cha seva, nikachomeka pini tisa. Nikabonyeza Enter. Ikaja: login. Jamani, nilitaka kuibusu. Nikakimbia kwa Metroni. Safari hii sikuogopa miwani. Alitia saini, nikatia saini, akavunja lakiri, na kwa kuwa hakuniamini na karatasi hiyo alikuja nayo mwenyewe. Alinisomea herufi moja moja huku nikiandika. Nywila haionekani unapoiandika, kwa hiyo unaandika gizani. Nikabonyeza Enter.

"Login incorrect." Imekataa.

"Umekosea," alisema Metroni.

Tukarudia polepole. Ikakataa. Tukarudia tena, yeye akisoma kama anayesoma majina ya marehemu. Ikakataa. Labda nywila ilibadilishwa na mtu akasahau kubadilisha karatasi. Mtu huyo angeweza kuwa nani? Mimi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuweza kuwa.

"Izime, uiwashe," alisema Metroni. Kila mtu duniani anaujua ushauri huo. Lakini kanuni zangu zingerudi zilezile, nilikuwa nimezihifadhi kwa mkono wangu. Na zaidi ya hayo, mara ya mwisho ile mashine ilipozimwa, diski moja kati ya mbili ilikataa kuzunguka tena. Iliyobaki ilikuwa na umri uleule. Nakala ya akiba ilikuwepo kwenye tepu, lakini kuirudisha kwenye mashine nyingine kungechukua hadi kesho.

Nilitoka nje nipate hewa, na hapo kwenye benchi la korido nikamkuta mama Akinyi. Alikuwa amejifunga leso, na mapajani ameshika daftari la shule ambalo madaktari humwandikia.

"Dada, nasikia ni kompyuta ndiyo inangojwa?"

"Ndiyo, mama."

"Itachukua muda?"

"Tunaishughulikia."

"Sawa," alisema. "Nyinyi ndio mnajua." Akalifungua lile daftari akaanza kulipekua, kana kwamba jibu linaweza kuwa humo. Halikuwemo. Nilijua halikuwemo, naye aliendelea kupekua.

Daktari alikuja akatuambia mimi na Kioko kwamba atasubiri hadi saa sita na nusu. Baada ya hapo atamwekea damu yoyote itakayokubaliana na kipimo cha leo, kwa sababu kumwacha bila damu ni hatari iliyo wazi, na hii nyingine ni hatari ya kubahatisha. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Nilienda chooni, nikafunga mlango, nikampigia simu Mzee Wafula.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilimwambia yote, kanuni, waya, bahasha, nywila kukataliwa mara tatu.

"Neno login linatoka vizuri? Si takataka?"

"Linatoka vizuri."

"Basi waya ni mzima na mwendo ni sawa. Nywila nayo pengine ni sawa. Ile laini ya serial, uliiandika kwenye orodha?"

"Orodha gani, Mzee?"

"Seva iko na orodha ya laini ambazo root anaruhusiwa kuingilia. Laini isipokuwa hapo, root anakataliwa hata akiwa na nywila ya kweli. Na haimwambii kwa nini. Inasema tu umekosea. Lakini Ndinda, hilo ungeliona siku ile ya kwanza, ulipoingia kupima."

Nilianza kukunjakunja karatasi ya chooni.

"Ulipima namna gani?"

"Niliona login," nilisema. Nilikuwa nimekaa juu ya kifuniko cha choo, mwanamke mzima, nalia. "Nikatia saini."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Jina langu ulilifuta?"

"Hapana. Niliambiwa nilifute. Sikuweza."

"Basi mtu wa kawaida anaweza kuingia pale, akishaingia anaomba ukuu ndani. Nakuja."

"Mzee, nitajie tu nywila nii—"

"Password haisemwi kwa simu. Nakuja."

Kutoka Mbotela si mbali, lakini dakika zile zilikuwa ndefu kuliko ujauzito. Nilisimama getini. Nilienda nikaangalia kama waya bado umechomekwa. Nilirudi getini. Nilimfikiria Mzee barabarani na magoti yake, nikafikiri, sasa utamuua na huyu pia. Alifika saa tano na dakika hamsini amepanda boda boda, kitu ambacho alikuwa ameapa hatakipanda maishani, helmeti imemkalia upande. Hakunisalimia. Alisema, "Iko wapi?"

Alikaa mbele ya ile laptop. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo, sikuwa nimejua. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja: wafula. Ikaomba nywila. Sisi wote tukageuza nyuso ukutani, mimi, Kioko na Metroni, kama ilivyo heshima. Nilisikia vidole vikitafuta herufi. Tak. Kimya. Tak. Mashine humpa mtu dakika moja tu aingie, ikiisha humtoa. Ikamtoa.

"Inaniharakisha," alisema.

Mara ya pili alimaliza ndani ya dakika, na ikasema amekosea. Metroni akaanza kunong'ona sala. Mzee alijishika paji la uso, akafunga macho. Ilikuwa miaka mitatu. Mimi mwenyewe nywila ya wiki jana sikumbuki. Nilisikia saa ya ukutani, na nikasikia kutoka wodini Akinyi akikohoa, au mtoto mwingine, sijui, niliamua ni yeye.

Mara ya tatu vidole havikusita. Tak, tak, tak, Enter.

"Geukeni," alisema Mzee.

Pale kwenye skrini nyeusi kulikuwa na alama ya dola na kistari kinachopepesa. Alikuwa ndani. Aliinuka akanipa kiti bila kuniangalia. Nikaomba ukuu, nikaandika ile nywila ndefu kutoka kwenye karatasi ya Metroni, ile iliyokataliwa mara tatu, na ikakubaliwa mara moja. Karatasi ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikafuta kanuni zangu zote. Kutoka upande wa maabara, alikokuwa amekimbilia, Kioko akapiga kelele: "Imerudi! Imerudi, Madam!"

Kabla sijainuka niliifungua ile orodha, nikaongeza jina la laini ya serial, neno moja tu. Nilitoka, nikaingia tena kama root kwa njia hiyohiyo ya pini tisa, nikakaa, nikatoka. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Kioko alikuja baadaye kuniambia. Kulikuwa na mifuko minne ya damu ya kundi la Akinyi kwenye friji. Miwili ilikuwa salama. Mmoja ulikataliwa na kipimo chake cha asubuhi. Na mmoja ulipita kipimo bila tatizo lolote, lakini faili lilisema mwili wa Akinyi uliwahi kuikataa damu ya namna hiyo miaka miwili nyuma, akaugua vibaya. "Huo ndio ningetoa wa kwanza," alisema Kioko. "Ulikuwa mbele." Alisema hivyo akitabasamu, kwa furaha, na mimi nikashika ukingo wa meza.

Akinyi aliwekewa damu kabla ya saa sita na nusu. Kesho yake alikuwa ameketi kitandani, anadai chipsi, na nesi mpya alikuwa ameshaitwa Omena.

Ripoti niliyoiandika wiki hiyo ilisema "hitilafu ya mtandao", na imebaki hivyo hadi mnaposoma hapa. Mnaweza kuirekebisha, faili liko kabati la pili. Lakini ripoti siyo inayonikalia kifuani. Kuna kitu kilichotokea saa ileile, damu ilipoanza kushuka kwenye mpira na sisi tukatoka pamoja koridoni.

Mama Akinyi aliinuka kutoka kwenye benchi. Sijui nani alimwambia nini. Alinishika mikono yote miwili.

"Ni wewe umefungua hiyo kompyuta?"

Nilitikisa kichwa kukubali, maana kwa namna fulani ilikuwa kweli.

"Wacha nikuombee," alisema, na pale pale akafumba macho. "Mungu wangu, huyu dada umpe maisha marefu. Mikono yake isichoke. Watu walikuwa wameshindwa, ukamtuma yeye. Bila huyu, Baba, leo mtoto wangu sijui angekuwa wapi. Umlipe wewe, mimi sina. Katika jina la Yesu."

Nilisema amina. Kioko akasema amina, Metroni akasema amina kwa sauti ya kwaya. Mzee Wafula, mtu anayeitikia hata maombi ya redioni, alikuwa amesimama nyuma yangu na helmeti ya boda mkononi, na amina yake sikuisikia.